Kujinyima Kusiishie kwa Askofu

Jumapili ya Novemba 17, 2024, Rais William Ruto alihudhuria ibada katika Kanisa Katoliki la Soweto, jijini Nairobi. Alitoa shilingi 600,000 kwa kwaya na shirika la watoto la parokia, na milioni 2 za kujengea nyumba ya padri. Aidha, aliahidi milioni 3 zaidi pamoja na basi. Kesho yake, Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zingerudishwa zilikotoka.

Wapo waliouona uamuzi huo kama malumbano ya kisiasa, kwa kuwa siku chache tu zilizotangulia maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikosoa serikali vikali. Mimi niliuona kama somo la imani.

Yesu aliwataka wamwandamao wajikane nafsi zao. Aghalabu, agizo hilo hufasiriwa kuwa ni kufunga wakati wa Kwaresima na kuacha anasa ndogondogo kwa siku arobaini. Zipo pia fasiri za kutisha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, ya watu waliodaiwa kuaminishwa kwamba kufa njaa ndiko kumfikia Mwokozi. Huko si kujikana, bali ni kuangamia. Kujikana hakumnyimi mtu uhai. Humnyima ile faida ambayo, akiipokea, itamziba kinywa asiitetee haki.

Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mchungaji akila cha mwanasiasa, chake kitakacholiwa ni kipi, ila ulimi wake? Atawezaje Jumapili ijayo kukemea ufisadi ilhali paa lililo juu ya kichwa chake limeezekwa na anayepaswa kukemewa?

Wala tusiwatarajie wanasiasa wajizuie wenyewe. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Haikutimia miezi mitano kabla ya hayo ya Soweto kutokea. Machi 2025, aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, nako kukazuka maandamano. Maadamu mtoaji hajizuii, hana budi mpokeaji kujizuia.

Hata hivyo, Mgala muue na haki mpe. Ni rahisi kwetu sisi tulio mbali kumpigia makofi askofu. Padri wa Soweto bado alihitaji nyumba, na wanakwaya wake walikuwa na mahitaji yao. Hundi ikirudishwa, pengo linabaki palepale. Nani atakayeliziba?

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Waumini wengi tumezoea kutia sarafu kikapuni, kisha tunamsubiri mgeni wa heshima aje atukamilishie jengo. Tukimwona mchungaji akimkaribisha mwanasiasa mimbarini, tunanung'unika. Lakini tukiombwa mchango, kila mmoja anamtazama jirani yake. Kwa mwenendo huo, sisi wenyewe ndio tunaomsukuma mchungaji mikononi mwa wenye mabunda.

Basi kujikana kwa askofu ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni ya muumini: mwenye duka apunguze starehe zake, mwenye mshahara atoe fungu lake bila kutangazwa kwa kipaza sauti, nalo kanisa likubali kujenga polepole, chumba kimoja kwa mwaka ikibidi. Nao viongozi wa kanisa wawasomee waumini hesabu za kila shilingi, kwani hakuna atakayejinyima ili mwingine anenepe.

Nyumba itakayojengwa hivyo huenda ikawa ndogo. Lakini atakayelala ndani yake ataamka Jumapili akiwa na uhuru wa kusema kweli mbele ya yeyote, awe mnyonge au mkuu wa nchi.