Kodi ya Miezi Sita na Afya ya Mpangaji

Ngerengere ni mji mdogo uliokua kando ya Reli ya Kati, na tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, una kituo pia kwenye reli mpya. Penye kituo cha treni hapakosi wapangaji: mwalimu aliyehamishwa, fundi, mchuuzi, muuguzi aliyeajiriwa juzi. Mgeni huyo akishatua mzigo huuliza mambo mawili, kiasi cha kodi na kama umeme upo. Maswali hayo ni ya haki, ila hayatoshi. Wenye nyumba wengi nchini hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine ya mwaka mzima. Aliyekosea kuchagua amejifunga humo pamoja na wanawe.

Miezi sita ndiyo pia muda wa dozi ya kawaida ya kifua kikuu. Hatari kubwa kwa familia huja kabla ugonjwa haujagunduliwa, mzazi anapokohoa kwa wiki nyingi katika chumba ambacho dirisha lake pekee limezibwa kwa boksi, na watoto wakivuta hewa ile ile usiku kucha. Kwa hiyo dirisha litazamwe kabla ya rangi ya ukuta. Je, linafunguka? Linatazama uwazi, au ukuta wa jirani? Penye madirisha mawili yanayoelekeana, upepo hupita bila gharama yoyote. Anayepikia mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hukabiliwa na hatari nyingine, ya gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Halafu mbu. Mwaka 1900, katika uwanda wa Capaccio kusini mwa Italia, mwanasayansi Giovanni Battista Grassi aliweka nyavu kwenye madirisha na milango ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Kati ya watu 112 waliokingwa hivyo, watano tu waliugua malaria, ilhali majirani wasiokingwa waliugua karibu wote. Mji wa reli ulio kwenye bonde la joto, na mto Ngerengere ukiteremka kutoka milima ya Uluguru, hauna sababu ya kulipuuza somo hilo. Chandarua hakiachwi, lakini mbu huingia hasa kupitia mwanya ulio kati ya ukuta na paa, mahali ambapo mpangaji mtarajiwa huwa hainui macho kupatazama.

Dalali huonyesha chumba mchana wa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu. Mwenye busara hurudi jioni, mbu wanapotoka, na huchunguza alama za maji chini ya kuta, kwani hizo husimulia masika yaliyopita kwa uaminifu kuliko dalali. Mpangaji wa chumba cha pili naye atasema iwapo choo hufurika. Kama maji ni ya kisima, umbali wake na choo cha shimo upimwe kwa hatua. Mita 30 ndicho kipimo kinachoshauriwa.

Itasemwa kwamba maskini hana nafasi ya kuchagua. Ni kweli kwamba hawezi kuchagua nyumba zote, lakini siku anayotoa fedha za miezi sita ndiyo siku ambayo sauti yake husikika kuliko siku nyingine yoyote. Siku hiyo aombe wavu wa dirisha na kuzibwa kwa mwanya, gharama ikatwe kwenye kodi, na makubaliano yaandikwe katika mkataba. Mwenye nyumba hapotezi kitu, kwani wavu utabaki kwake mpangaji akiondoka.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao. Mgonjwa anaporudi na malaria mara ya tatu katika masika mamoja, huandikiwa dawa ile ile, kisha hurudi katika chumba kile kile. Kumwuliza analala wapi, na kama dirisha lina wavu, huchukua nusu dakika. Jibu liandikwe kwenye kadi yake, ili muuguzi wa zamu ijayo aanzie hapo.