Matibabu India: Kwa nini familia nyingi husita?

Daktari akishataja India, familia nyingi za Kitanzania hazikimbilii kufunga mabegi. Zinakaa kikao. Na kikao hicho kinaweza kuchukua wiki, wakati mwingine miezi, huku mgonjwa akisubiri.

Wengi hudhani watu wanaogopa kisu au ndege. Hofu hizo zipo, lakini kubwa zaidi ni hii: safari inataka pesa yote mwanzoni, wakati majibu yanakuja mwishoni.

Bili ya hospitali ni mwanzo tu

Makadirio yanayotumwa kwa WhatsApp kutoka Chennai au New Delhi yanahusu matibabu yaliyopangwa. Vipimo vikionesha tatizo jipya, au mgonjwa akilala ICU siku za ziada, bili inapanda.

Nje ya hospitali kuna viza ya matibabu, tiketi za watu wawili, chumba cha kupanga na chakula. Mionzi ya saratani kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, na inaweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Muda wote huo msindikizaji hayupo kazini, na watoto wameachwa kwa shangazi.

Michango ya ndugu ikiisha, kinachofuata ni kiwanja. Hapo ndipo wazee wengi hugoma. Mzazi anajiuliza: nikiuza halafu nisipone, hawa watoto watabaki na nini? Ni swali la mtu anayejua hesabu zake vizuri.

Figo ina masharti yake

Anayehitaji figo hawezi kwenda India akitarajia kuikuta huko. Kwa kawaida huenda na ndugu yake wa kumchangia, na ubalozi wa nchi yao lazima uthibitishe kwa maandishi kwamba wana undugu. Kisha kamati maalumu hupitia maombi kabla ya upasuaji. Sheria hizi ziliwekwa kuzuia biashara ya viungo, ila kwa familia maana yake ni kusafirisha watu wawili watakaofanyiwa upasuaji, pamoja na wa kuwauguza.

Akirudi, nani atamwangalia?

Aliyepandikizwa figo hutumia dawa kila siku ili mwili usiikatae, maadamu figo hiyo inafanya kazi. Dawa hizo na vipimo vya mara kwa mara vinahitaji pesa hata baada ya wachangiaji kusahau.

Kuna pia jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: kufia ugenini. Kurudisha mwili kunahitaji vibali, kuuhifadhi na gharama ya ndege. Kwa familia inayotaka kumzika mtu wake nyumbani, hilo peke yake linatosha kuahirisha safari.

Wapo wanaosita kwa safari wasiyoihitaji

Hali ya nyumbani nayo imebadilika. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015, hufanya upasuaji wa moyo na kuzibua mishipa jijini Dar es Salaam. Muhimbili ilianza kupandikiza figo 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata 2018. Bado wapo wanaoamini kwamba moyo au figo ni lazima India, na wanakaa nyumbani wakichangisha tiketi badala ya kuomba rufaa.

Wengine huamini hivyo kwa kusikiliza mawakala, ambao baadhi yao hulipwa kwa kila mgonjwa wanayempeleka.

Hatari iko kwenye kukaa kimya

Kusita kuna sababu za msingi. Tatizo ni kwamba saratani haisubiri kikao kiishe. Uvimbe uliokuwa ukitosha kuondolewa kwa upasuaji unaweza kusambaa, na hapo hata India huenda isiweze kuuponya. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Maswali matatu kwa daktari yanaweza kufupisha kikao: Je, tiba hii inapatikana nchini? Lengo lake ni kuponya, kurefusha maisha au kutuliza maumivu? Na mgonjwa akirudi, nani atamfuatilia?

Majibu yakionesha kwamba safari haina faida, kiwanja kinabaki na mgonjwa anauguzwa na watu wake. Yakionesha kuna nafasi ya kupona, familia inajua kwamba kila wiki ina thamani.