Wiki ya magoli na kilio: tuandike majina ya watu wetu

Kwa kawaida naanza na habari za nyumbani, kisha za mpira, halafu neno la kufikiria. Wiki hii mambo hayo matatu yameingiliana, nikashindwa kuyatenga.

Nyumbani kwanza. Kwenye avenyu yetu kuna mama aliyefika na watoto wanne kutoka upande wa Manguredjipa. Jirani yangu, ambaye ana wake sita, akawafungulia mlango. Usiku viti vya sebule vinatolewa nje, mikeka inatandikwa. Unga uliokuwa wa mwezi sasa hauvuki siku kumi na mbili. Hapo jirani kuna arusi iliyosogezwa mbele: baba mdogo wa bibi arusi alikwenda kuvuna kakao, na telefone yake haiitiki. Lakini mtoto pia amezaliwa, salama, na mama yake ametoka kitandani. Tumshukuru Mungu kwa hilo.

Sasa mpira. Alhamisi tarehe 13 mwezi wa 11, Leopards waliifunga Kameruni 1-0 kule Moroko, goli la Chancel Mbemba katika dakika za nyongeza. Jumapili tarehe 16 ikawa zamu ya Nigeria. Tulifungwa mapema, dakika ya tatu. Meschack Elia akasawazisha kabla ya mapumziko. Ikafika penalti, kipa Timothy Fayulu akaingizwa kwa kazi hiyo tu, akaifanya, na Mbemba akapiga ya mwisho: 4-3. Timu ilikuwa haijafika Kombe la Dunia bado, zilibaki mechi za mwezi wa tatu. Ila toka mwaka 1974, wakati tulipokwenda Ujerumani Magharibi kwa jina la Zaïre, tulikuwa tukiingoja nafasi hiyo. Huku kwetu ilikuwa karibu saa sita ya usiku, na wamotari walipiga honi kana kwamba petroli ni ya bure.

Lakini kati ya mechi hizo mbili kuna usiku wa Ijumaa, tarehe 14. Usiku ule ADF waliingia Byambwe, magharibi mwa wilaya ya Lubero, wakashambulia kituo cha afya. Waliuawa humo watu 17 kwa uchache, na kati yao wanawake waliokuwa wakinyonyesha. Umoja wa Mataifa umehesabu raia 89 waliouawa na kundi hilo katika vijiji vya Lubero kati ya tarehe 13 na 19. Wiki moja tu, ndugu zangu.

Jumatatu asubuhi kukawa na mabishano pale kwenye bomba la maji. Mzee mmoja alisema tumetukana wafu kwa zile honi. Kijana akamjibu: «Koko, tukingoja siku isiyo na kilio, hatutacheka tena mpaka tufe.» Mama yule mgeni wetu alikuwa amesimama na bidoni yake. Nikamuuliza yeye. Akasema watoto walimwomba ruhusa ya kwenda kuangalia mechi, akawakatalia kwa sababu wako katika kilio cha baba yao mkubwa. Baadaye akawaachilia. «Wamelia majuma mawili,» akasema. «Mimi honi hazikuniumiza. Kilichoniuma ni kwamba toka nifike hapa, hakuna aliyeniuliza shemeji yangu alikuwa anaitwa nani.»

Neno hilo limenifuata wiki nzima, nami nakiri kosa langu. Mimi ndiye niliyemwandikia habari yake, nami niliandika: «familia imepoteza mtu mmoja.»

Angalieni. Kila mtoto wa Butembo anajua nani alifunga, dakika ya ngapi, kwa mguu gani. Wafu wetu tunawahesabu kwa jumla. Rwangoma, tarehe 13 mwezi wa 8, 2016: tunasema «makumi ya watu.» Ntoyo, mwezi wa 9, 2025: «zaidi ya 60», na hao waliuawa wakiwa wamekusanyika kwenye kilio cha mtu mwingine. Toka mwezi wa 10, 2014, mauaji ya Beni yalipoanza, hesabu inapanda na majina yanapotea. Mwuaji anataka mtu asiwepo tena. Sisi tukimfanya kuwa tarakimu, tunamsaidia kuimaliza kazi yake.

Hata jina lenyewe linadai uangalifu kwetu sisi Wanande. Ukisema «Kambale ameuawa», umesema kwamba mvulana wa pili wa mtu fulani ameuawa. Kasereka ni wa tatu, Kakule ni wa nne. Mjini hapa wako maelfu. Basi jina bila jina la baba, bila kijiji, bila mwaka, ni nusu ya jina.

Na hili si jambo la moyo tu. Mjane ambaye kifo cha mumewe hakikuandikwa popote atapata taabu juu ya shamba. Yatima atapata taabu ya karatasi shuleni. Sheria ya tarehe 26 mwezi wa 12, 2022 iliweka mfuko wa FONAREV kwa ajili ya kuwafidia waliotendewa uhalifu wa vita. Tunaweza kubishana kama fidia itafika Butembo au itabaki Kinshasa. Lakini siku itakapofika, au siku hakimu atakapouliza, nani atamjua mtu ambaye hata majirani zake hawakumwandika?

Kwa hiyo naleta ombi, na si ombi la pesa. Kila avenyu inunue daftari moja. Mlinzi wake awe mtu anayeaminiwa na wote, awe shefu wa avenyu, mwalimu au mama wa kanisa. Familia inapofika, ipewe maji na chakula kwanza, ipumzike. Siku nyingine, ikikubali, iulizwe: jina lote, baba na mama, kijiji, umri, kazi, tarehe, na mahali alipozikwa kama alizikwa. Mbele ya daftari waandikwe waliokufa. Nyuma waandikwe waliotekwa na wasioonekana, na wasichanganywe, kwa sababu wengine hurudi, na kumwandika mtu mzima kati ya wafu ni kumlilia akiwa hai. Waliobaki hai, hasa waliotendewa aibu, wasiandikwe mambo yao humo. Hayo ni siri yao, na daftari linaweza kuanguka katika mikono mibaya.

Tarehe 2 mwezi wa 8 nchi nzima inawakumbuka waliouawa katika vita vya Kongo, siku ya Genocost. Ni vizuri. Ila hotuba za siku ile hutaja mamilioni. Kazi yetu sisi wa avenyu ni kumtaja mmoja mmoja. Hata kwenye uwanja wa mpira inawezekana: kabla ya mechi ya vijana Jumapili, dakika moja ya kimya, na majina matano yasomwe kwa sauti na familia zao zikiwapo.

Wachezaji wenyewe walitufundisha. Tarehe 7 mwezi wa 2, 2024, kule Abidjan, kabla ya nusu fainali na Kodivaa, Leopards walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bunduki, ili dunia ione mauaji ya Mashariki na ukimya unaoyafunika. Mechi walipoteza 1-0. Ishara ile watu wanaikumbuka mpaka leo.

Basi mzee wa bomba la maji, nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Honi hazikuwatukana wafu wetu. Shemeji wa yule mama pengine naye angepiga honi, maana nimeambiwa alipenda sana mpira, akicheza namba tatu katika timu ya kijiji chake. Nimerudi kumwuliza jina lake lote. Halitatoka hapa, familia bado inaogopa. Lakini limeandikwa, ukurasa wa kwanza wa daftari la avenyu yetu, mstari wa kwanza.

Nanyi wa avenyu nyingine, leo mtaanza na nani?