Viza ya mtoto haitoki kwenye chupa ya mafuta



Kuna tangazo linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya makanisa yetu, na limewafikia hata Wakenya walioko Marekani. Linasema hivi: kama umeasili mtoto, mahakama imekupa amri, lakini viza yake imekwama ubalozini, basi hiyo ni roho ya kuchelewesha. Piga picha ya pasipoti ya mtoto, itume pamoja na mbegu kwa M-Pesa, mtumishi ataiombea na kuipaka mafuta, na kabla ya siku saba mlango utafunguka.

Mmeniuliza kama hilo ni la Mungu. Si la Mungu. Ni biashara, na wanunuzi wake ni watu ambao hawalali usiku kwa kumwaza mtoto.

Acha nikueleze kinachokuchelewesha, maana huyo mtumishi hakijui. Amri ya Mahakama Kuu inakufanya mzazi kwa sheria ya Kenya. Haimpi mtoto haki ya kuingia nchi ya watu. Huko Marekani, kama umemwasili mtoto wa ndugu yako na unataka kumchukua kwa ombi la kawaida la familia, lazima awe aliasiliwa kabla hajafika miaka 16 (kuna nafasi ndogo kwa ndugu wa tumbo moja), na lazima uwe umekuwa na malezi yake kisheria kwa miaka miwili na kuishi naye miaka miwili. Ndiyo maana unamwona dada fulani ameacha kazi Texas na kurudi kukaa Kitengela na mtoto, mumewe akibaki huko peke yake. Sasa wewe umeishi naye miezi kumi na minne. Nionyeshe pepo la kukemewa hapo. Hakuna kesha litakalofanya kumi na minne iwe ishirini na minne.

Njia ya pili ni ile ya Mkataba wa Hague wa 1993 unaolinda watoto wanaoasiliwa kuvuka mipaka. Kenya ilijiunga mwaka 2007. Kwa njia hiyo Marekani inataka ombi la mtoto lipewe idhini ya awali kwanza, ndipo uende mahakamani kuasili. Ukitangulia mahakamani unaweza kujifungia mlango wewe mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujampigia mtumishi, mpigie wakili. Ni ghali, najua. Lakini wakili atakupa risiti.

Halafu kuna hili la kumwita afisa wa viza adui wa hatima yako. Wapendwa, yule afisa anauliza mtoto huyu ametoka wapi kwa sababu watoto wameibwa. Wameibwa hapa kwetu. Mwaka 2020 BBC Africa Eye ilionyesha watoto wachanga wakiuzwa Nairobi, wengine wakichukuliwa kutoka kwa mama wanaolala barabarani. Na sisi Wapentekoste tusijifanye hatukuwepo mwaka 2004, wakati nchi nzima ilipozungumzia "watoto wa miujiza" na vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba watoto si wa waliosema wamewazaa. Kesi ile ilifika mahakamani na mhubiri aliyeshtakiwa akaachiliwa mwaka 2023, kwa hiyo simhukumu mtu. Nauliza tu: waliotoka kwenye historia ya namna hiyo wanapata wapi ujasiri wa kusema maswali ya ubalozi ni vita vya kiroho?

Mwezi wa kwanza 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Wamarekani kumi wa kanisa walikamatwa wakijaribu kuvusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila karatasi. Walisema Mungu amewatuma kuokoa yatima. Ikaja kujulikana kwamba watoto wale walikuwa na wazazi hai. Hayo ndiyo matunda ya imani isiyotaka kuulizwa maswali. Mwezi wa kumi na moja 2014 Baraza la Mawaziri la Kenya lilisimamisha wageni kuasili watoto wetu, kwa hofu hiyo hiyo ya biashara ya watoto.

Sisemi kwamba kila kuchelewa ni haki. Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini mwezi wa tisa 2013, na mamia ya watoto ambao mahakama zilikuwa zimeshamaliza kesi zao wakabaki huko. Wengine walikaa hadi 2016. Wazazi walikuwa na hukumu mkononi, chumba kimepakwa rangi, na mtoto anakua kwenye simu. Serikali ikifanya hivyo, kanisa linapaswa kupiga kelele, liandike barua, lisimame na wazazi hao mbele ya wabunge. Mbona hatusikii watumishi wa mafuta wakifanya hayo? Ni kwa sababu barua kwa mbunge haina mbegu.

Sasa nije kwa jambo linaloniuma zaidi. Kuna wanaochoka kusubiri, wanapata cheti cha kuzaliwa kinachosema mtoto wa marehemu dada ni mtoto wa kumzaa, kisha wanakuja kwa mchungaji kutafuta cheti cha ubatizo chenye majina hayo hayo. Kwangu hutapata. Ubalozi ukiomba DNA, uongo unafia pale kwenye dirisha, na sheria ya uhamiaji ya Marekani inaweza kumfungia mlango maisha yake yote mtu aliyedanganya ili apate viza. Njia ya halali iliyokuwepo unaiharibu kwa mkono wako. Na tuseme umefaulu, je? Mtoto amevuka bahari kwa cheti kinachosema mama yake hakuwahi kuwepo.

Soma Esta 2:7. Mordekai, mtu wa ughaibuni, alimchukua Hadasa, binti wa ami yake aliyefiwa na wazazi, akamlea kama binti yake. Hiyo ndiyo hali yenu kabisa. Utaniambia Mordekai alimwambia asitaje kabila lake. Kweli, mstari wa 10. Lakini kunyamaza mbele ya hatari si kuandika uongo, na ukiendelea hadi mstari wa 15 utakuta Esta bado anaitwa binti Abihaili. Baba amekufa, binti ana mlezi mwingine, anaingia ikulu, na jina la baba halijafutwa. Hata mama yake Musa, Kutoka 2, aliendelea kumnyonyesha mwanawe kwa mshahara wa binti Farao.

Na ninyi mnaokaa viti vya mbele na kumwambia mama huyu "usijali, Mungu atakupa wako," mwacheni. Huyu ni wake. Mnaimba kila Jumapili kwamba mmefanywa wana wa Mungu, kisha mnamwita mtoto wa kuasiliwa "wa kuokota". Paulo alipoandika Warumi 8 alichukua neno la sheria ambalo Warumi walilijua. Kwao kuasili lilikuwa tendo la kisheria, na aliyeasiliwa alikuwa mrithi kamili. Mstari wa 15 anasema tumeshapokea Roho wa kufanywa wana. Mstari wa 23 anasema watu hao hao wanaugua wakingoja kufanywa wana. Amri imeshatoka, safari bado. Paulo hakuona aibu kuyaweka yote mawili katika sura moja, wala hakumwambia mtu aliyekuwa akiugua kwamba imani yake ni ndogo.

Kwa hiyo, mama, unaposubiri, usiache mtu akuambie una kifungo. Weka faili yako sawa: amri ya mahakama, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi, ripoti ya afisa wa watoto, picha na risiti za shule zinazoonyesha mnaishi pamoja. Mpigie mtoto kila siku kwa saa ile ile kama mko mbali. Usimwahidi tarehe ambayo hujapewa.

Jumatano saa kumi na mbili jioni tutaomba kwa ajili ya familia hizi. Njoo na jina la mtoto. Pasipoti iache nyumbani mahali pakavu, na picha yake usimtumie mtu yeyote, mimi pia nikiwemo. Kama tayari umetuma ile mbegu, wapigie Safaricom waulize kama inaweza kurudishwa.