Mwenye Nyumba Asimfukuze Mpangaji kwa Neno la Mpita Njia

Wazee wetu walisema, "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni." Methali hii imenijia mara nyingi tangu mwaka 2023, ulipotokea mkasa hapa kwetu Voi ambao ningependa kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu. Sina nia ya kumsengenya mtu, bali naona kwamba lililompata mpwa wangu hapa laweza kumpata mwenziwe wa Mombasa, Lamu au Malindi.

Mpwa wangu ana kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala, karibu na stendi ya mabasi. Alipofariki mwalimu wetu wa madrasa, kijana huyu alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya kaseti. Marehemu alikuwa hodari wa kasida. Alizitunga mwenyewe, akaziandika kwa hati za Kiarabu katika daftari, na kila mwaka akazisoma katika maulidi ya mtaani petu. Kijana akazitia kaseti zile katika kompyuta, akafungua tovuti yake. Humo akaongeza hadithi za Kidawida alizosimuliwa na bibi yake mzaa baba, wa kule Wundanyi. Haukupita muda, watu wa Voi walioko Jeddah na Muscat wakawa wanamsikiliza mwalimu wao kana kwamba bado yu hai.

Kwa msomaji asiyejua mambo haya, tovuti ni mfano wa chumba cha kupanga. Vitu vilivyomo ni vyako, lakini jengo ni la mwingine, yaani kampuni inayohifadhi tovuti za watu katika mitambo yake na kutoza kodi. Kampuni aliyopanga mpwa wangu iko ng'ambo.

Siku ya tano ya Mfungo Sita, asubuhi mapema, kijana akabisha hodi kwangu. "Shikamoo mjomba. Wamenifungia."

Akanionyesha barua ya mistari michache. Mfanyabiashara mmoja anayeuza kasida alikuwa amewaandikia wenye jengo kwamba kasida moja iliyomo ni mali yake. Sauti ni ya mwalimu wetu, na maneno yamo katika daftari lake. Yaelekea bwana yule aliipata kaseti mahali, akaitia katika biashara yake, kisha akajiona ndiye mwenyewe. Kampuni haikuuliza. Wala haikuifunga kasida hiyo moja tu, bali ilifunga chumba kizima, kasida zote pamoja na hadithi za bibi, na hayo katika mwezi wa maulidi ambao ndio watu walikuwa wakizitaka.

Nilidhani ni ujeuri wa kampuni ile peke yake. Nilipochunguza nikaona kuna sheria nyuma yake. Marekani ilitunga sheria mwaka 1998 inayowakinga wenye majengo haya wasishitakiwe kwa wizi wa hakimiliki uliofanywa na wapangaji wao, kwa sharti kwamba wakipokea malalamiko waondoe upesi kitu kinacholalamikiwa. Mpangaji ana ruhusa ya kujibu. Akijibu, na mlalamikaji asiende mahakamani, kitu hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Lakini katika jibu lake sharti aandike jina lake, anwani na nambari ya simu, na akubali kushitakiwa katika mahakama ya Marekani. Hebu fikiri, ndugu msomaji, kijana wa kibanda cha nakala Voi, ambaye hajavuka Namanga, aambiwe atie sahihi kwamba yu tayari kusimama mbele ya hakimu wa Marekani!

Kijana aliogopa, na simlaumu. Wengi huogopa wakanyamaza, na kunyamaza kwao kukahesabiwa kuwa ni kukiri. Tulikaa usiku mbili tukiandika jibu, tukaambatanisha picha za daftari. Mlalamikaji hakwenda mahakamani. Chumba kikafunguliwa, lakini Mfungo Sita ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyetuomba radhi.

Sasa niseme na upande wa pili, maana dhuluma haiondolewi kwa dhuluma. Tulipokuwa tukipekua tovuti ile niliona kasida mbili za kikundi cha Unguja, ambazo kijana alizitoa katika kaseti ya kununua bila kumwomba mtu. Nikamwambia, "Hizi ziondoe leo." Akanijibu kwamba ni sifa za Mtume, haziuzwi. Nikamwambia kwamba aliyekesha akitunga ana jasho lake. Wala si rai yangu tu. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, liliamua kwamba haki ya mtunzi katika kazi yake ni mali inayolindwa na sharia, na haijuzu kuivamia. Akaziondoa.

Kwa hiyo sisemi kwamba malalamiko yasisikilizwe. Sisi wa Taita Taveta tungekuwa wa mwisho kusema hivyo. Wimbo wa "Malaika" umeimbwa dunia nzima, na Miriam Makeba, na Harry Belafonte, na Boney M. Wengi humtaja Fadhili William Mdawida kuwa ndiye mtunzi, na jina lake la mwisho latosha kueleza asili yake. Wengine humtaja Adam Salim, na wengine Grant Charo. Fadhili alifariki mwaka 2001 na ubishi haukwisha.

Basi tuupime mfano huo. Tuseme kila mmoja wa hao watatu angekuwa na tovuti yenye wimbo huo, na kila mmoja awalalamikie wenziwe kwa wenye majengo. Majengo yote matatu yangefungwa, na wimbo usisikike popote isipokuwa kwa wageni. Hapo ndipo penye kasoro. Kampuni ya kuhifadhi tovuti si kadhi. Haijui nani alitunga nini, wala haina njia ya kujua, ila hutekeleza hukumu kabla ya kesi.

Kwa nini hufanya hivyo? Kwa sababu sheria imeielemeza upande mmoja. Mwenye jengo akikawia kufunga, huenda akalipa hasara. Akifunga kwa kuamini malalamiko yaliyokuwa ya uongo, hana hatia. Mfanyabiashara yeyote ataona njia iliyo salama kwake.

Hata huko Marekani watu wamedhulumika hivyo. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania, Stephanie Lenz, aliweka picha ya sekunde 29 ya mtoto wake mchanga akicheza jikoni, na wimbo wa Prince ukisikika nyuma. Kampuni ya Universal ikataka iondolewe. Alishitaki, na ilipofika mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema kwamba mwenye kulalamika sharti kwanza afikiri kama matumizi yale yanaruhusiwa na sheria. Miaka minane kwa sekunde 29!

Kenya nayo ilibadili Sheria ya Hakimiliki mwaka 2019, na kwa haki lazima niisifu kidogo. Sheria yetu yataka mlalamikaji aandike jina na anwani yake, atie sahihi, aeleze kazi anayodai ni ipi, na aambatanishe kiapo au tamko la kwamba ni yake kweli. Mpangaji apelekewe nakala ya malalamiko. Asipojibu, ndipo kitu kifungwe ndani ya saa 48. Na anayelalamika kwa uongo au kwa chuki anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miaka 5, au yote mawili. Waama, hapa mpangaji hupewa nafasi ya kusema kabla ya kufukuzwa, japo nafasi yenyewe ni fupi. Mtu aliye safarini, au mgonjwa, au aliyepotewa na simu, saa 48 zitampita bila habari.

Rai yangu ni hii. Kwanza, wenye majengo wafunge kile kinacholalamikiwa tu, si chumba kizima. Pili, wamsikilize mpangaji kabla ya kufunga, na wamwandikie kwa lugha anayoielewa. Tatu, nakala za malalamiko, ambazo sheria inataka zipelekwe pia kwa Bodi ya Hakimiliki, bodi izitangaze kila mwaka, tujue ni nani anayelalamika mara nyingi na kwa haki gani. Nne, vijana wetu, wenye uwezo na wapange kwa kampuni za hapa nchini, wapate kinga ya sheria ya nchini. Na kila mmoja aweke nakala ya kazi zake nyumbani, na asiweke cha mwenziwe bila idhini.

Sisi Waislamu tumeamrishwa katika Sura ya Hujurati kwamba tukiletewa habari tuihakikishe kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Amri hiyo ilikuja kabla ya mitambo hii kuwako, na naona yawafaa wenye mitambo kuliko mtu mwingine yeyote.

Daftari la mwalimu sasa liko kwangu, limefungwa katika kitambaa. Mfungo Sita ikiandama nitalitoa, kijana asome kutoka humo msikitini, kwa sauti yake mwenyewe. Huko hakuna wa kumfungia.