Mzee akikohoa, tusiseme "ni mafua tu"



Mtoto akichemka usiku, alfajiri mama yake yuko kwenye foleni ya kituo cha afya. Hilo kambini tumelielewa vizuri. Lakini babu akikohoa siku tano amelala kwenye mkeka, tunasema ni mafua tu, ni uzee. Mimi sikubaliani.

Mafua ya kuziba pua na homa ya mafua, ile ambayo wengi waliotoka Kongo wanaiita gripe, si kitu kimoja. Hii ya pili inakuangusha ghafla: homa, kichwa, maungo yote yanauma, kikohozi kikavu. Kijana hulala siku chache akainuka. Kwa mzee, mama mjamzito, au mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au virusi vya ukimwi, inaweza kushuka kwenye mapafu ikawa nimonia. Mwishoni mwa mwaka 2002 iliua watu wengi eneo la Bosobolo, wakati huo likiwa jimbo la Equateur, huko huko Kongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka inaua watu kati ya 290,000 na 650,000 kwa njia ya kupumua.

Tatizo ni kwamba mzee anaweza kuzidiwa bila mwili kuchemka sana. Usingoje homa. Angalia kama anahema haraka, kifua kinamuuma, midomo inageuka rangi, hataki kunywa, au ameanza kuchanganyikiwa na kuwasahau wajukuu zake. Pia yule aliyepata nafuu, halafu homa na kikohozi vikarudi kwa nguvu. Hao wapelekwe siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya mgao. Chakula jirani anaweza kukuchukulia.

Najua mtaniambia, "Kituoni wanatupa parasetamoli tu." Kwa kijana mwenye nguvu, parasetamoli, maji ya kunywa na kupumzika kweli vinatosha, na vidonge vya rangi mbili vya sokoni haviui kirusi cha mafua, vinamaliza pesa yako tu. Lakini mzee anayehema asirudishwe nyumbani kabla hajapimwa malaria na kusikilizwa kifua. Uliza kwa heshima: "Daktari, kifua umekisikiliza?" Kuuliza si ugomvi.

Na ninyi wahudumu wa kituo, neno moja. Wazee wengi hawaji kwa sababu ya kusimama juani tangu asubuhi. Wawekeeni benchi kivulini, waitwe kwanza. Sidhani kama kuna mama atakayenung'unika kwa kupitwa na bibi mwenye fimbo.

Nyumbani, anayekohoa afunike mdomo kwa kiwiko, na asilale chumba kimoja na mzee ikiwezekana. Najua nyumba zetu ni ndogo. Basi fungueni dirisha mchana, na moto wa kuni uwashwe nje.

Kama mgonjwa hawezi kutembea, mwite mhamasishaji wa afya wa kijiji chako, hata usiku. Tutatafuta baiskeli au machela.