Macho Hayana Pazia

Wahenga walisema macho hayana pazia. Wapiga picha wa chini ya maji wameyatundikia pazia, kisha wakaisingizia bahari.

Tazameni picha za wazamiaji zinazopamba kuta za hoteli zetu, tangu za Mnemba hadi za Misali. Samaki ana jicho ling'aalo, hata magamba yake yahesabika. Binadamu aliye nyuma yake hana jicho. Pahala pa macho pana mng'ao mweupe kama sinia ya bati, au kiza kitupu. Ukiuliza, utajibiwa: ndivyo maji yalivyo.

Sivyo. Ndani ya miwani ya kuzamia mna hewa, nje mna maji, na baina yao ipo kanuni. Ukimkabili mzamiaji uso kwa uso, macho yake utayaona. Ukisogea ubavuni kupita nyuzi 49 hivi, mwanga haupenyi tena mpaka wa maji na hewa. Hurudi wote, na kioo hugeuka fedha. Kiza nacho kina sababu zake: mpira mweusi wa miwani huuzuia mwanga wa juu, na wekundu wa nuru humezwa na maji katika mita chache za mwanzo, hata jicho la kahawia likaonekana jeusi. Dawa ni kusogea karibu, kwa mbele, na kuiweka taa kando kidogo isirudishwe na kioo. Mfaransa Louis Boutan alianza kupiga picha baharini mwaka 1893. Kisingizio cha uchanga wa fani kimekwisha zamani.

Basi hili si suala la maji, ni suala la heshima. Mdomo wa mzamiaji umeng'ata mpira wa hewa, pua imefunikwa, sauti hana. Uso wake wote umehamia machoni. Mwalimu wa uzamiaji humtazama mwanafunzi machoni apate kujua kama hofu imeingia, yakitanuka, humwahi. Mwenye kuyafuta macho hayo kwa uvivu amempokonya mtu neno lake la mwisho.

Na katika picha nizionazo, afutwaye ni nani? Ni kijana wa Nungwi aongozaye wageni. Mgeni hupigwa kwa mbele, akatoka na macho yake. Kijana hupigwa kwa ubavuni, awe kipimo tu cha ukubwa wa tumbawe. Kanuni ya nuru haibagui. Achaguaye pa kusimama ndiye abaguaye.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kompyuta huweza kuyachora macho yaliyokosekana. Jicho la kuchorwa halikumtazama mtu yeyote. Picha ya uso ni watu wawili waliotazamana. Asiyethubutu kutazamwa na kijana huyo, na amwache. Apige picha matumbawe.